Maneno Tuliyokariri na Maneno Tuliyoyahitaji

Watu wengi waliopita katika shule za Afrika Mashariki, wawe ni wa Moshi, Kisumu au Jinja, wanazo vichwani mwao orodha za maneno ya Kiingereza ambazo hawakuwahi kuambiwa zilitoka wapi. Wanajua kwamba kundi la simba huitwa "pride" na kundi la bata bukini huitwa "gaggle". Wanajua kwamba mtoto wa ndege aitwaye "swan" ni "cygnet", ingawa ndege huyo hawajamwona ila katika picha. Wanajua kwamba mbweha jike ni "vixen", na kwamba kiota cha tai kina jina lake peke yake. Waamshe usiku wa manane uwaulize, watakujibu bila kusita. Lakini wengi wa hao hao, wakipokea barua ya ofisini ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kawaida, huanza kutafuta mtu wa kuwasomea.

Jambo hili limenisumbua kwa muda mrefu, wala sidhani kwamba linatosha kuelezwa kwa kusema wanafunzi ni wavivu au walimu ni wachache. Zoezi la sarufi na orodha ya msamiati ni vitu vilivyotengenezwa na watu, mahali fulani, katika mwaka fulani, kwa ajili ya mwanafunzi fulani. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini alifundishwa kama alivyofundishwa yafaa aulize kwanza: huyo mwanafunzi aliyekusudiwa alikuwa nani? Nimejaribu kuliuliza swali hilo, na majibu niliyoyapata ndiyo nitakayoyaeleza hapa.

Tuanze na orodha zenyewe. Wengi wetu tulizipata, moja kwa moja au kwa kunakili ubaoni, kutoka katika kitabu kiitwacho First Aid in English. Mwandishi wake, Angus Maciver, alikuwa mwalimu wa Uskoti, na kitabu chake kilitoka Glasgow mwaka 1938. Humo mna majina ya makundi, majina ya dume na jike, ya wanyama na watoto wao, makazi yao na milio yao, tashibihi za kukariri, methali, na makosa ya kusahihisha. Maciver alikiandika kwa ajili ya watoto wa shule za msingi za kwao. Lakini kitabu kilivuka bahari, kikapendwa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na katika visiwa vya Karibi, na kwa miaka mingi kikawa ni mali ya kuazimana kwa masharti makali. Kilikuwa na majibu mafupi, na mtihani ulipenda majibu mafupi.

Baadhi ya majina hayo ya makundi ni ya kale kuliko Maciver na kuliko shule zote za Uskoti za siku hizo. Yamo katika kitabu kilichochapwa mwaka 1486 katika mji wa St Albans, kaskazini ya London. Kitabu hicho kilihusu mambo ya mabwana wa wakati huo: kuwinda kwa kozi, kuwinda kwa mbwa, na nembo za koo. Ndani yake kuna orodha ndefu ya majina ya makundi ya wanyama na ndege, na "pride" ya simba na "gaggle" ya mabata bukini zimo. Yamo pia majina ya makundi ya watu, watawa na wapishi wakiwemo, na hayo yanaonekana wazi kuwa ni ya mzaha. Kuyajua maneno hayo kulikuwa ni alama ya mtu aliyelelewa katika ukoo bora. Mkulima wa Kiingereza wa mwaka 1486 hakuyahitaji hata kidogo. Miaka 500 baadaye, mtoto wa mkulima wa Korogwe alichapwa viboko kwa kutoyajua.

Sisemi haya kwa kumkejeli Maciver. Kwa mwanafunzi wake kazi yake ilikuwa na maana kamili. Mtoto wa Glasgow aliingia shuleni akiwa anakisema Kiingereza tangu alipoanza kutembea. Kula, kulala, kugombana na kuomba msamaha, vyote alivifanya kwa lugha hiyo. Kilichobaki ni kumwongezea maneno ya nadra na kumnyoosha pale alipopinda. Ni kama mtu mwenye nyumba iliyokamilika anayeletewa mapazia.

Tazama mambo hayo kwa upande wetu. Mtoto wa Bukoba anajua tofauti ya mkungu wa ndizi na chane ya ndizi kabla hajavaa sare ya shule, kwa sababu ndizi ndicho chakula chake. Mtoto wa mfugaji hakosei kati ya ndama na mtamba. Tukisema bumba la nyuki, tita la kuni au doti ya khanga, neno linakuja pamoja na kitu chenyewe. Mwalimu wa Kiswahili anapoyatungia zoezi maneno hayo anakusanya tu kilichokwisha kupandwa. Sasa chukua orodha hiyo hiyo ya mikungu, machane na mabumba, umpe mtu wa Norway ambaye bado hajui kusema "nimechelewa kwa sababu basi liliharibika". Ataikariri akipenda, na mtihani ataufaulu. Lakini atabaki kituoni bila kuweza kueleza shida yake.

Sarufi nayo ina asili ya namna hiyo. Kitabu cha sarufi kilichoenea kuliko vyote katika karne ya 19 kiliandikwa na Lindley Murray, Mmarekani mzaliwa wa Pennsylvania aliyehamia Uingereza na kukaa karibu na mji wa York. Kilitoka mwaka 1795. Murray alikuwa mfuasi wa dhehebu la Marafiki, lile lenye waumini wengi Kaimosi na sehemu nyingine za magharibi ya Kenya, na alikiandika kwa ajili ya shule ya wasichana wa dhehebu hilo. Wasichana hao walikuwa Waingereza, wenye kukijua Kiingereza tayari. Walichofundishwa ni kuichambua sentensi: hili ni jina, hiki ni kitenzi, hili ni kosa, hili si la kiungwana. Mfano uliofuatwa ulikuwa ni ule wa kufundishia Kilatini, ambapo mwanafunzi hukariri kanuni na mabadiliko ya maneno, kisha huchambua.

Mtindo huo ulisafiri na dola. Katika makoloni, zoezi la kawaida likawa ni kutaja aina ya neno, kubadili sentensi ya kutenda iwe ya kutendwa, na kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mwanafunzi aliweza kubadili "Juma wrote the letter" iwe "The letter was written by Juma" mara 50 bila kuandika barua hata moja. Kuchambua lugha ni elimu, na sina ugomvi nayo. Lakini mtu huchambua kile alicho nacho. Mwenye kapu tupu atachambua nini?

Mtu mmoja aliyeliona tatizo hili mapema na kulieleza waziwazi alikuwa akifanya kazi katika koloni, miongoni mwa watoto waliofanana na sisi kuliko walivyofanana na watoto wa Glasgow. Jina lake ni Michael West. Alikuwa mtumishi wa idara ya elimu ya serikali ya kikoloni ya India, na katika miaka ya 1920 alikuwa mkuu wa chuo cha ualimu cha Dacca, mji ambao leo unaitwa Dhaka na ni mji mkuu wa Bangladesh. Aliona kwamba watoto wengi sana wa Bengal walianza kujifunza Kiingereza, lakini waliofika mwisho wa kozi walikuwa wachache. Wengine wote waliacha njiani: baba kafa, ada hakuna, shamba linamngoja, msichana kaozwa. Kozi yenyewe, hata hivyo, ilipangwa kana kwamba kila aliyeanza angemaliza. Faida yake ilikuwa imewekwa mwishoni kabisa.

Katika kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu watu wa Bengal na lugha zao mbili, West alitumia mfano wa bima. Mtu aliyekata bima ya maisha akashindwa kuendelea kulipa, hukatwa kiasi fulani, lakini kuna fedha anayorudishiwa kulingana na miaka aliyolipa. West akauliza: mtoto anayeacha shule baada ya miaka miwili au mitatu ya Kiingereza, anarudishiwa nini? Amejifunza herufi, majina machache, na nusu ya kanuni ambazo nusu yake nyingine haitakuja kamwe. Hawezi kuzungumza, hawezi kusoma gazeti, na muda wake umekwisha kuliwa. Katika bima ya namna hiyo, anayeacha njiani harudishiwi hata senti.

Jawabu la West lilikuwa kwamba mtoto afundishwe kwanza kusoma, kwa sababu kusoma huanza kuleta faida mapema, na mwenye kuweza kusoma anaweza kuendelea peke yake hata baada ya kuacha shule. Wengine walimpinga, wakasema kuzungumza ndiko kuwe mwanzo. Ubishi huo haujaisha hadi leo. Lakini alipovitazama vitabu vya kusomea vilivyokuwapo, aliona kasoro ambayo haikuwa na ubishi. Maneno mapya yalikuwa mengi mno katika kila ukurasa, na mengi kati yake yalikuwa ya kishairi na ya kale. Mtoto wa Bengal alifundishwa "isle" kabla ya "island", "nought" kabla ya "nothing", na "ere" kabla ya "before". West akayatoa maneno hayo, akaweka yale yanayotumika kila siku, kisha akayapanga maneno mapya yaje machache machache na kurudiwa mpaka yakae. Ndipo zikazaliwa zile hadithi zilizoandikwa upya kwa maneno machache, zenye ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, ambazo hata sisi tumezishika mikononi.

Mwaka 1935 yeye na mwenzake, James Endicott, walitoa kamusi ya wanafunzi iliyoeleza maneno na semi zipatazo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu ya maelezo. Hiki si kitu kidogo. Kila aliyewahi kufungua kamusi kutafuta neno moja, akakuta limeelezwa kwa maneno matatu mengine asiyoyajua, ataelewa ni mzigo gani aliotuliwa mwanafunzi.

West hakuwa peke yake. Huko Cambridge, C. K. Ogden alitangaza mwaka 1930 Kiingereza chake alichokiita Basic English, chenye maneno 850 tu, ambayo yote yaliweza kuchapwa katika karatasi moja. Vitenzi vilikuwa 18. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa maneno hayo mgeni angeweza kusema karibu kila jambo la kawaida. Jambo hilo lilivuma sana, hata Waziri Mkuu Winston Churchill akalisifu hadharani katika hotuba yake huko Harvard mwezi Septemba 1943. Lakini ndani yake mlikuwa na mtego. Ukimnyima mtu kitenzi cha kuvumilia, itambidi aseme "put up with", na ukimnyima cha kuacha, itambidi aseme "give up". Kila neno peke yake ni jepesi, yakiungana huwa fumbo. Maneno yalipungua kwenye karatasi, lakini kazi ya mwanafunzi haikupungua kwa kiasi hicho hicho. Baada ya vita uvumi ule ulififia.

Huko Japani nako kulikuwa na Harold Palmer, aliyefika mwaka 1922 kuwa mshauri wa serikali katika kufundisha Kiingereza, akakaa mpaka mwaka 1936. Palmer alishika upande wa sentensi. Aliona kwamba mgeni hahitaji kuambiwa kitenzi ni nini, bali anahitaji kujua kitenzi hiki kinaandamana na nini. Kazi hiyo iliendelezwa na A. S. Hornby, aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha fasihi ya Kiingereza katika mji wa Oita, akagundua kwamba wanafunzi wake walihitaji lugha yenyewe kabla ya fasihi. Hornby na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, walitunga kamusi ambayo inamwonyesha mgeni umbo la sentensi ambamo kila kitenzi kinaweza kukaa. Kamusi hiyo ilichapwa Tokyo mwaka 1942, wakati Japani na Uingereza zilikuwa vitani na Hornby mwenyewe alikuwa amekwisha kukamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1948 ilichapwa tena na Oxford, na kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi wa Afrika wameitumia bila kujua kwamba ilitungwa kwa ajili ya Wajapani.

Msomaji anayezungumza Kiswahili anaweza kuuona umuhimu wa kazi hiyo kwa mfano mmoja. Sisi husema "nieleze", na yule anayeelezwa yumo ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa hiyo tunapohamia Kiingereza tunasema "explain me", kwa mantiki safi kabisa ya lugha yetu. Kanuni ya jumla haiwezi kutuokoa hapo, kwa kuwa "tell me" ni sahihi na "explain me" si sahihi. Kinachosaidia ni kufanya mazoezi ya kitenzi kile kimoja mpaka ulimi uzoee "explain to me". Ni vivyo hivyo kwa "he" na "she". Kiswahili hakina haja ya kutofautisha mwanamume na mwanamke anapokuwa "yeye", na mtu aliyesoma miaka kumi bado hujikuta akimwita mama mkwe wake "he". Ni vivyo hivyo pia kwa "a" na "the", vijineno ambavyo kwetu havipo kabisa. Hayo ndiyo mazoezi aliyoyahitaji mtoto wa Korogwe. Saa alizozipoteza katika "vixen" na "cygnet" zilitoka katika hesabu hiyo hiyo.

Mwaka 1934 wataalamu hao walikutanishwa New York kwa gharama ya Shirika la Carnegie ili wapatane juu ya maneno gani yafundishwe kwanza. Palmer na West walikuwapo, na alikuwapo pia Edward Thorndike, Mmarekani ambaye mwaka 1921 alikuwa ametoa orodha ya maneno 10,000 yaliyopatikana kwa kuhesabu, kwa mkono, maneno katika vitabu na magazeti. Ripoti yao ilitoka mwaka 1936, na mwaka 1953 West akatoa orodha iliyokamilika ya maneno yapatayo 2,000. Ubora wake ulikuwa kwamba haikuhesabu neno peke yake. Ilihesabu pia maana zake, ikaonyesha maana ipi hutumika sana na ipi ni ya nadra. Orodha hiyo imezeeka, na mwaka 2013 ilitolewa mpya ya maneno yapatayo 2,800 iliyopatikana kwa kompyuta. Lakini kanuni ni ile ile: mwanafunzi ana muda mchache, basi mpe kwanza kitakachomfaa mara nyingi.

Sasa tuitazame Tanzania. Baada ya mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki kuwa somo. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na mimi ni mmoja wa wanaoufurahia. Kufikia mwaka 1977 ulikuja mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na mamilioni ya watoto wakaingia madarasani. Kila mmoja wao alianza Kiingereza, na wachache sana ndio waliochaguliwa kwenda sekondari. Ilikuwa ni Bengal ya West kwa mara nyingine. Mtoto aliyemaliza darasa la saba akarudi shambani aliondoka na nini? Aliondoka na "Good morning, teacher", na orodha ya makundi ya wanyama.

Wale wachache waliochaguliwa nao waliikuta shida ya upande wa pili, kwa maana ghafla kila somo isipokuwa Kiswahili na siasa lilifundishwa kwa Kiingereza. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee kufundishia hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd walichunguza hali ya Kiingereza shuleni, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya wanafunzi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao. Ushauri wao haukuwa kukiondoa Kiingereza, ila kukiimarisha. Mwalimu Nyerere naye alipata kukifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 ukaja mradi uliogharamiwa na Uingereza, na shule nyingi za sekondari zikapokea maboksi ya vitabu vya hadithi, vyembamba, vya ngazi mbalimbali, vyenye maneno yaliyohesabiwa. Hivyo wazo la Dacca lilitufikia miaka 60 baadaye, na likawafikia wale waliokwisha kuingia sekondari. Aliyeishia darasa la saba, ambaye kwa hakika ndiye West aliyemfikiria, hakuliona boksi lile.

Hali imebadilika tangu hapo. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia mpango wa mwaka 2004 zimewapeleka sekondari watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza zimeenea mijini kwa wenye uwezo wa kulipa. Lakini lugha ya kufundishia sekondari haijabadilika, na swali la bima bado lipo mlangoni. Mtoto wa shule ya kata anapoishia kidato cha nne bila cheti cha maana, tuulize amerudishiwa nini kwa miaka yote aliyolipa. Mara nyingi amerudishiwa aibu tu, ile ya kuogopa kufungua mdomo mbele ya mtu anayekisema vizuri. Nimewaona watu wenye akili timamu, mafundi hodari na wakulima wenye kujua hesabu za msimu mzima kwa kichwa, wakijiita wajinga kwa sababu ya lugha. Kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa, kuliko hasara yoyote ya mtihani.

Ili tusidhani kwamba njia nzuri ni jambo lisilowezekana, tukumbuke jinsi wageni walivyoisoma lugha yetu. Edward Steere, mmisionari wa Unguja ambaye baadaye alikuwa askofu, alitoa mwaka 1870 kitabu cha mwongozo wa Kiswahili, na mwaka 1878 akatoa kitabu cha mazoezi. Alikuwa na haraka, kwa kuwa wenzake walishuka melini wakiwa na kazi ya kufanya. Tangu Steere, mgeni anayejifunza Kiswahili huanza na mtu na watu, mti na miti, kitu na vitu. Huanza na njoo, nenda, leta, na bei gani. Hakuna aliyempokea mgeni bandarini kwa kumkaririsha majina ya makinda ya ndege wa Ulaya au tashibihi za mashairi yetu ya kale. Alipewa kwanza lugha ya kumwezesha kuishi, na mapambo akayachuma mwenyewe baadaye, kama aliyapenda.

Kwa hiyo nawaambia vijana wanaonijia wakiuliza njia ya kujiendeleza kwa Kiingereza: msianze na orodha ya wanyama. Tafuteni kitabu chembamba cha hadithi ambacho mnakielewa karibu chote, mkimalize, mtafute kingine. Andikeni sentensi zenu wenyewe kuhusu mambo yenu wenyewe, kumi kila siku, na mumpe mtu azisahihishe. Mkikosea kitenzi kimoja mara tatu, mkifanyie mazoezi hicho kimoja. Msiwe na haya ya kurudia vijineno vidogo. Na mkikutana na neno jipya, kabla ya kulikariri jiulizeni litawafaa wapi, na katika maana yake ipi.

Maana yake ipi, nasema, kwa kuwa hata neno moja laweza kuwamo katika orodha mbili. Katika kitabu cha St Albans cha mwaka 1486, "swallow" ni ndege, mbayuwayu, na kundi lake huitwa "flight". Kwenye karatasi ya dawa iliyokunjwa ndani ya boksi, "swallow" ni kumeza, na kama mbele yake pana "do not", basi ni usimeze. Mama anayeishika karatasi hiyo usiku, mtoto ana homa na zahanati imefungwa, anahitaji kulijua la pili.